Duka la tiketi likifungwa, msafiri amwulize nani?

Kwa miaka mingi ofisi ya shirika la ndege ilikuwa pambo la mji. Katika Regent Street mjini London, na katika Fifth Avenue mjini New York, mashirika ya mataifa mbalimbali yalikodi nyumba zenye madirisha mapana ya vioo, na nyuma ya kioo yakaweka mfano wa ndege pamoja na picha za nchi za mbali. Mpita njia asiye na nauli ya kufika hata mji wa pili aliweza kusimama pale akatazama bure. Aliyekuwa na safari aliingia ndani, akakaribishwa kiti, akamweleza karani haja yake: aendako, siku anayotaka kuondoka, watoto alio nao na mizigo atakayobeba.

Leo ofisi nyingi za namna hiyo zimekwisha kufungwa. Watu wengi hununua tiketi kwa njia ya intaneti, wakiwa nyumbani au kazini, kwa kompyuta au kwa simu ya mkononi. Mabadiliko haya yana faida ambazo hapana haja ya kuzificha. Hata hivyo, ofisi ile haikuwa ikiuza karatasi peke yake. Ilikuwa mahali pa kuulizia, na zaidi ya hayo ilikuwa mahali pa kumkuta mtu wa kuwajibika pindi safari inapoharibika. Mlango ulipofungwa, kazi hizo mbili hazikutoweka. Zilihamia kwa msafiri mwenyewe na jamaa zake, na wengi wao hawakuambiwa kwamba wamekabidhiwa.

KARANI NA MASHINE YAKE

Kabla ya kompyuta, kuweka nafasi katika ndege kulikuwa kazi ya mikono mingi. Katika shirika la American Airlines la Marekani makarani walikaa kulizunguka kasha la kadi, kila kadi ikiwa na habari za safari moja. Maombi yaliletwa kwa simu, karani akaitafuta kadi, akatia alama, kisha majibu yakarudishwa. Kwa wastani ombi moja lilichukua kiasi cha dakika 90 hadi kukamilika.

Mwaka 1953, mkuu wa shirika hilo, C. R. Smith, alikuwa akisafiri kutoka Los Angeles kwenda New York. Kwa bahati alikaa karibu na mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM ambaye naye aliitwa Smith. Mazungumzo yao yalizaa mpango wa SABRE, mtambo wa kuweka nafasi ambao ulianza kazi mwaka 1960 na kuenea katika shirika zima kufikia mwaka 1964. Kazi ya dakika 90 ikawa kazi ya nukta chache.

Yafaa kukumbuka kwamba wakati ule mashine ilikuja kumtumikia karani, wala haikuja kumwondoa. Mwaka 1976 mashirika makubwa ya Marekani yalianza kuziweka mashine hizo hata katika ofisi za mawakala wa usafiri. Msafiri alikaa upande mmoja wa meza, mashine ikakaa upande wa pili, na karani akawa mkalimani kati yao. Mashine ilijua viti vilivyobaki. Karani alijua kwamba mama mwenye mtoto mchanga hafai kupangiwa safari ya kubadili ndege mara tatu.

Tiketi yenyewe ilikuwa kijitabu cha karatasi nyembamba zenye kaboni nyekundu mgongoni, kila karatasi kwa sehemu moja ya safari. Ilitunzwa pamoja na pasipoti, tena kwa uangalifu, maana kuipoteza kulikuwa karibu sawa na kupoteza fedha taslimu.

KWA NINI MILANGO ILIFUNGWA

Sababu ya kwanza ni gharama. Ofisi ya mjini inataka kodi, umeme, mishahara na mlinzi, na wakala anataka kamisheni. Nchini Marekani kamisheni ya mawakala ilikuwa asilimia 10 ya nauli kwa muda mrefu. Mwezi Februari 1995, shirika la Delta liliiwekea mpaka: isizidi dola 50 kwa tiketi ya kwenda na kurudi ndani ya nchi, hata nauli iwe kubwa namna gani. Mashirika mengine makubwa yakafuata. Asilimia ile ikapunguzwa tena na tena, hata mwezi Machi 2002 Delta ikaiondoa kabisa kamisheni ya kawaida, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Tangu hapo wakala wa Marekani aliyetaka kuendelea na kazi ilimpasa amtoze mteja ada kwa huduma yake, au atafute riziki katika safari za hoteli na meli.

Sababu ya pili ni intaneti yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1995 Alaska Airlines ilikuwa miongoni mwa mashirika ya kwanza kabisa kuuza tiketi kwa njia hiyo. Mwezi Novemba mwaka huo huo, shirika la easyJet lilianza safari zake kutoka Luton, Uingereza, na namba yake ya simu ikiwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa ndege. Maana yake ilikuwa wazi: mteja apige simu moja kwa moja, asipitie kwa wakala. Mwaka 1998 easyJet ikaanza kuuza kwa intaneti, na baada ya muda mfupi simu nayo ikawa ya ziada.

Sababu ya tatu ni kutoweka kwa karatasi. Mwaka 2004, Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, IATA, kilianza kampeni ya kuzifuta tiketi za karatasi. Kwa hesabu ya chama hicho, tiketi ya karatasi iligharimu kiasi cha dola 10 kuishughulikia, na ya kompyuta dola 1. Tarehe 1 Juni 2008 mashirika wanachama yakaacha karatasi. Ikiwa tiketi si kitu cha kushikwa mkononi, hapakuwa tena na lazima ya kwenda dukani kuichukua.

Kwa yote hayo, haifai kuililia zamani kwa kila jambo. Msafiri wa leo anaweza kulinganisha nauli za mashirika mengi usiku wa manane, bila kumwomba mtu. Aliye wilayani halazimiki kulipa nauli ya basi hadi mji mkuu kwa ajili tu ya kununua tiketi ya ndege. Wala karani wa zamani hakuwa malaika. Wako waliowakaribisha wenye suti na kuwaacha wenye kanzu kuukuu wakisubiri. Mashine haimtazami mtu viatu.

KAZI ILIYOHAMIA NYUMBANI

Pamoja na hayo, kila anayenunua tiketi kwa simu amekuwa karani wa nafsi yake, bila mafunzo wala mshahara. Kazi hiyo ina mitego ambayo karani wa zamani aliijua kwa mazoea.

Mtego wa kwanza ni jina. Pasipoti hutenga jina la ukoo na majina mengine, na fomu ya tiketi inataka vivyo hivyo. Katika jamii zetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, na nyumbani aweza kuwa na jina jingine kabisa. Mtoto anayemnunulia mama yake tiketi akaandika jina analomwitia mtaani, atakuwa amenunua tiketi ya mtu asiyekuwapo. Karani angesema, “Nionyeshe pasipoti.” Simu haisemi hivyo. Inapokea kila inachopewa.

Mtego wa pili ni saa. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu zenye tarakimu 24. Saa 01:00 ni saa saba usiku, na saa 13:00 ni saa saba mchana. Ndege ya Ijumaa saa 00:40 huondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo abiria anatakiwa awe uwanjani Alhamisi usiku. Anayekwenda Ijumaa usiku hukuta ndege imekwisha kuondoka takriban siku nzima iliyopita. Kadhalika tarehe: Wamarekani hutanguliza mwezi, na kwao 5/6 ni tarehe 6 Mei, hali kwetu ni tarehe 5 Juni.

Mtego wa tatu ni mahali. London ina viwanja kadhaa vya ndege, kama Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo mrefu. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, moja ya kufikia Heathrow na nyingine ya kuondokea Gatwick, zaweza kuonekana rahisi katika kioo cha simu. Ukweli wake hujulikana siku ya safari, pengine pamoja na habari kwamba hapo katikati inahitajika viza.

SIKU YA MATATIZO

Mambo yakienda sawa, makosa hayo huepukika, na anayejua kusoma vizuri hana la kulalamikia. Thamani ya mtu nyuma ya meza huonekana siku ya matatizo.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja duniani, mamilioni ya watu walitaka kurudishiwa nauli zao kwa wakati mmoja. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo wakati ule kwa kawaida ilikuwa ikipokea malalamiko na maulizo kiasi cha 1,500 kwa mwezi kuhusu safari za ndege, ilipokea zaidi ya 25,000 katika miezi miwili ya Machi na Aprili. Mengi yalihusu fedha ambazo hazikurudishwa. Hapana shaka kwamba ofisi za mijini nazo zingefungwa wakati ule kwa hofu ya maradhi. Lakini idadi ile yaonyesha jinsi watu walivyotafuta mahali pa kusikilizwa, na serikali ikawa dirisha lililobaki.

Mashirika mengine yamekwenda mbali zaidi. Mwezi Novemba 2022 shirika la Frontier la Marekani liliacha kuwahudumia wateja wake kwa simu, likawaelekeza katika maandishi ya mtandaoni. Tarehe 12 Novemba 2025, Ryanair ya Ireland iliacha pasi za karatasi za kupandia ndege, ikataka abiria waonyeshe pasi hiyo katika simu zao. Hatua kwa hatua, simu imekuwa ndiyo ofisi, ndiyo karani na ndiyo tiketi.

Swali la nani awajibike lilifika mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada. Mwezi Novemba 2022 mtu mmoja alifiwa na bibi yake, akataka kusafiri haraka kwenda Toronto. Aliuliza katika tovuti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Aliyemjibu hakuwa mtu bali programu ya kompyuta, nayo ikamwambia kwamba anaweza kusafiri kwanza, kisha akaomba nafuu hiyo ndani ya siku 90. Alifanya hivyo, akakataliwa, kwa kuwa kanuni za shirika hazikuruhusu maombi baada ya safari. Shirika lilijitetea kana kwamba programu ile ni kitu cha pekee kinachowajibika chenyewe kwa matendo yake. Mwezi Februari 2024 baraza lilikataa utetezi huo, likaamua kwamba shirika linawajibika kwa yote yaliyomo katika tovuti yake, na likaliamuru limlipe dola 812.02 za Kanada.

Kiasi hicho si kikubwa, lakini fundisho lake ni kubwa. Kama bwana yule angeuliza dukani, yawezekana naye karani angekosea. Tofauti ni kwamba hakuna ambaye angethubutu kusema kwamba karani wa shirika si wa shirika. Tena mfiwa yule alishinda kwa sababu alikuwa amehifadhi picha ya majibu aliyopewa. Asingekuwa na picha ile, ingekuwa shida kuthibitisha madai yake.

MADUKA YALIYOPATA BWANA MPYA

Isidhaniwe kwamba kila duka la safari ni maiti. Kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza chanzo chake ni safari ya garimoshi ya tarehe 5 Julai 1841, kutoka Leicester hadi Loughborough, iliyochukua watu kiasi cha 500 kwa nauli ya shilingi moja. Kwa vizazi vingi maduka yake yalikuwa sehemu ya kila mji wa Uingereza, na baadaye ikawa na ndege zake yenyewe. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni hiyo ilianguka kwa uzito wa madeni. Waingereza zaidi ya 150,000 walikuwa ng'ambo, na serikali ikakodi ndege kuwarudisha.

Mwezi uliofuata kampuni nyingine ya Kiingereza, Hays Travel, iliyaomba na kuyapata maduka 555 ya marehemu Thomas Cook, ikawaajiri tena wengi wa makarani wake. Wako basi wateja ambao wangali wanataka kukaa mbele ya mtu. Aghalabu ni wale ambao safari yao ni ghali au ina mambo mengi: fungate, safari ya wazee, au familia yenye watoto wanne. Zaidi ya hayo, walionunua safari ya jumla, yaani ndege na hoteli pamoja, walilindwa na utaratibu wa ATOL ulioanzishwa Uingereza mwaka 1973, nao walirudishiwa fedha zao. Kwa hiyo pale kilichookoa watu hakikuwa duka peke yake wala intaneti, bali sheria iliyomtaja mwenye dhamana.

HALI YA AFRIKA YA MASHARIKI

Katika nchi zetu mabadiliko haya yamechukua sura yake. Hapa watu wengi hawana kadi za benki za kulipia katika mtandao, na kwa sababu hiyo ofisi na mawakala wangali na kazi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha, na mashirika ya ndege yameutumia mfuko huo. Fastjet, iliyoanza safari za Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza tarehe 29 Novemba 2012, na ambayo iliacha kuruka Tanzania mwishoni mwa mwaka 2018, iliwawezesha watu kulipa nauli kwa fedha za simu bila kadi yoyote.

Hivyo katika kibanda cha wakala wa fedha za simu yuko mtu, naye hujibu kwa Kiswahili safi. Lakini wakala huyo hupokea fedha tu. Hajui masharti ya mizigo wala viza, na ndege ikifutwa si yeye wa kuulizwa. Kwa upande mwingine wako watu wanaojiita mawakala wa safari, wanaokaa mahali pasipo na jina, wakitoa karatasi yenye nembo ya shirika. Karatasi hiyo yaweza kuwa ni nafasi iliyowekwa kwa muda, ambayo haijalipiwa. Mama aliyeuza ng'ombe ili ampeleke mgonjwa ng'ambo huja kuligundua hilo uwanjani, na mgonjwa akiwa naye.

YA KUZINGATIA KABLA YA KULIPA

Nyumba inayojiandaa kwa safari yafaa ikae pamoja jioni moja, na kazi ya karani igawanywe. Mmoja asome pasipoti kwa sauti, herufi baada ya herufi, na mwingine aandike. Saa zote ziandikwe upya kwa hesabu ya Kiswahili, pamoja na siku ya kuwapo uwanjani. Viwanja vya kubadilia ndege vitajwe kwa majina yao.

Baada ya kulipa, zitafutwe namba mbili. Ya kwanza ni alama ya nafasi, yenye herufi na tarakimu sita. Ya pili ni namba ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13. Palipo na ya kwanza bila ya pili, huenda nafasi imeshikwa tu na tiketi haijatolewa. Namba hizo ziingizwe katika tovuti ya shirika lenyewe, ionekane kama jina la msafiri limo. Anayekwenda Marekani au kutoka huko ajue pia kwamba, kwa kanuni za nchi hiyo, shirika humpa aliyenunua kwake moja kwa moja, siku saba au zaidi kabla ya safari, saa 24 za kuahirisha malipo au kufuta bila adhabu. Kosa la jina ligunduliwe ndani ya saa hizo.

Mwisho, kila jibu linalotolewa katika simu lipigwe picha na kuhifadhiwa, na risiti ichapwe katika karatasi japo hapana anayeidai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hayo ni ya msafiri. Mashirika nayo yana lao. Ikiwa gharama ya tiketi ilishuka kutoka dola 10 hadi dola 1, sehemu ya akiba hiyo yatosha kumlipa mtu mmoja, katika kila mji ambao ndege zao hutua, apokee simu na kujibu kwa lugha ya wenyeji. Mamlaka za usafiri wa anga zina uwezo wa kulidai jambo hilo zinapotoa leseni. Kuuliza si ujinga, lakini anayeuliza anahitaji kuwa na wa kumwuliza, hasa anapokuwa amesimama uwanjani saa saba usiku, mgonjwa akiwa kando yake na simu ikiwa imezimika moto.